Asubuhi Breki Zinashika, Mchana Hazishiki

Shangazi mpendwa, nakusihi unijibu kabla ya Jumapili, maana nimeshawaita watu wa pande zote mbili, wakwe zangu na kaka yangu mkubwa, na nikishafungua mdomo mbele yao sitaweza kuufunga tena, na jambo ninalotaka kulisema ni kwamba mume wangu na mdogo wake wananiharibia breki za gari.

Usicheke kwanza. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nina duka la dawa, wateja wananiita Mama Vidonge, na kazi yangu imenifundisha kutomwamini mtu kirahisi, kwa sababu kila wiki ananijia mtu na cheti cha daktari alichokiandika mwenyewe, nami namtambua kabla hajamaliza kunisalimia. Mwaka huu mtoto wetu wa mwisho alihama nyumbani, nikasema nami nifanye kitu cha kwangu, nikajiandikisha katika chama cha madereva wa ridhaa, wale wanaokwenda uwanja wa mbio za magari kila Jumamosi kujifunza kuendesha kwa kasi lakini kwa adabu, hakuna kombe wala zawadi, unashindana na saa yako mwenyewe. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akaweka chai chini, akasema, "Mke wangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Wakati ule niliona ni utani wake wa siku zote. Sasa kila nikiyakumbuka maneno yale nayasikia kama kitisho.

Gari ni langu, dogo na la zamani, na fundi wake ni shemeji yangu, huyo mdogo wa mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Spana. Kila Jumamosi huja uwanjani kulihudumia. Ni mkimya, ukimuuliza swali kwanza anafuta mikono. Mwalimu wetu uwanjani tunamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake, anakaa kiti cha pembeni akisema taratibu, taratibu, hata kama gari limesimama. Ndiye aliyenifundisha kwamba kona huendeshwa kabla hujaifikia: unakanyaga breki ukiwa bado umenyooka, pale penye koni ya rangi ya chungwa iliyowekwa kando, ndipo unakata usukani. Kona ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, iko mwisho wa kipande kirefu kilichonyooka, na ukichelewa kukanyaga breki unatoka nje kwenye kokoto, na baada ya kokoto kuna uzio.

Sasa sikia. Wiki sita zilizopita niliwahi kufika, nikamkuta Spana peke yake kwenye kona ya tatu, ameinama, anaisogeza koni. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Nikamuuliza, "Shemeji, unafanya nini hapo?" Akashtuka, akafuta mikono. "Naiweka vizuri, shemeji." Anaiweka vizuri! Kwani ilikuwa imelala? Tangu siku ile sikuiamini tena koni, nikajiambia kitu kinachobebwa kwa mkono mmoja si cha kukabidhiwa roho yangu. Kando ya kile kipande kilichonyooka kuna tangi kubwa la maji juu ya nguzo za chuma zilizosimikwa kwenye zege, na kivuli chake kinaangukia lami, cheusi, cha mviringo, unakiona hata ukiwa kasi, nikaamua hiyo ndiyo alama yangu, hiyo hakuna Spana wa kuibeba. Nikawa nakanyaga breki pale kivuli kinapoanza. Sikumwambia mtu, hata Taratibu, ambaye alikuwa ameshaniruhusu kuendesha peke yangu.

Na ilifanya kazi, Shangazi! Zamu ya asubuhi, saa tatu, jua linanipiga machoni lakini nakanyaga penye kivuli na gari linatulia, linaingia kona kwa heshima zote. Halafu yanakuja mapumziko, sisi tunakula, Spana anabaki na gari, anafungua boneti, anapima upepo wa tairi, anaingia chini na tochi, na zamu ya saa tisa nikirudi, jua liko kisogoni, naona kila kitu vizuri kuliko asubuhi, nakanyaga pale pale penye kivuli, kwa mguu ule ule, na gari halisimami. Mara nne nimetoka nje kwenye kokoto, mara ya mwisho nimesimama hatua chache kutoka kwenye uzio, vumbi mpaka kwenye meno. Jumamosi moja tu hapo katikati ilikuwa ya mawingu, kivuli hakikuwepo, nikaifuata koni shingo upande, na mchana ule breki zilishika vizuri kabisa, na sababu naijua, siku ile mume wangu alikuwa na homa, hakuja. Asubuhi zinashika, mchana hazishiki, na katikati yake yuko Spana. Wewe ungefikiri nini?

Na bado sijakueleza ya mume wangu vizuri. Yeye ambaye hakutaka hata kusikia habari za uwanja, tangu nitoke nje mara ya kwanza anakuja kila Jumamosi, mchana tu, ukiacha ile ya homa, na hakai jukwaani na watu, anasimama peke yake nyuma ya uzio wa kona ya tatu, akiwa amebeba mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Hebu niambie, mtu anabebaje mtungi wa kuzimia moto kama hajui kwamba kuna moto unakuja? Kwa hiyo nikiikaribia kona ile simwachi kwa macho, namtazama yeye kuanzia mbali mpaka mwisho, nione uso wake unasema nini, na unasema kitu, anaziba mdomo kwa kiganja. Nyumbani ananong'ona na mdogo wake uani, nikitokea wanaanza kuzungumzia bomba la maji. Bomba letu halina ubovu wowote.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipopata uhakika. Baada ya chakula Spana alinijia na helmeti mkononi, akasema, "Shemeji, zamu hii nikae na wewe, nilisikilize gari." Miezi minne hajawahi kuomba hivyo! Nikamwambia, "Utalisikiliza ukiwa nje," nikaubamiza mlango, watu wakageuka. Sijui alitaka kunifanya nini mle ndani, lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu naijua.

Nimeolewa miaka ishirini na mitatu. Nampenda mume wangu, ndiyo maana linaniuma hivi. Msaidizi wangu dukani anasema niende polisi, dada yangu anasema nihame kimya kimya. Mimi nataka niliseme mbele ya mama mkwe, kila mtu asikie. Je, niseme? Na Jumamosi nilipande gari lile au nisilipande?

Mama Vidonge

Mama Vidonge,

Barua yako imeruka foleni. Kuna watu wanasubiri majibu yangu tangu mwezi uliopita, watanisamehe.

Tuanze na gari. Usilipande mpaka fundi mwingine, asiye ndugu wa mtu yeyote nyumbani kwako, alinyanyue na azikague breki zote. Mimi siko chini ya gari lako, na mtu akiniambia breki hazishiki simjibu kwa methali. Fundi akikuta zimechezewa, chukua maandishi yake uende polisi, na hapo hakuna haja ya kikao.

Ila sidhani kama atakuta kitu. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mpwa wangu anayefundisha udereva, ambaye aliuchora uwanja wenu nyuma ya bahasha yako. Tulipofika kwenye tangi aliweka kalamu chini akasema, "Shangazi, huyu mama kila zamu anafunga breki mahali tofauti."

Umeandika mwenyewe kwamba asubuhi jua linakupiga machoni na mchana linakupiga kisogoni. Basi asubuhi kivuli cha tangi kinaanguka upande unaotokea wewe. Unakifikia mapema, unakanyaga mapema, gari linatii. Mchana kivuli kimehamia upande wa pili wa tangi, upande wa kona, nawe unakifuata huko huko. Unasema unakanyaga pale pale. Si pale pale! Ni mbele zaidi, pengine hatua thelathini au arobaini, na kwa kasi mnayokwenda hizo zinatosha kukupeleka kwenye kokoto. Siku ya mawingu hukuwa na kivuli, ukarudi kwenye koni, breki zikapona zenyewe. Hukushangaa? Ulishangaa, lakini ulikuwa umeshampata mkosaji, ukaipa sifa homa ya mumeo.

Hapo ndipo uliponikasirisha, nakuambia kweli. Mtu unayepima dawa kwa miligramu umeikataa koni kwa kuwa inaweza kuhamishwa, ukaishika alama inayohama kila siku mbele ya macho yako. Na hukumwambia mwalimu wako! Umelipa ada ya kufundishwa halafu unamficha mwalimu unachokifanya. Hata ile koni, ulimuuliza Taratibu ni nani hupanga koni asubuhi? Mpwa wangu anasema kwenye viwanja kama hivyo mara nyingi mafundi huombwa kusaidia. Sijui kama kwenu ndivyo. Wewe ungeweza kujua kwa swali moja, lakini ulipata jibu fupi kutoka kwa mtu mkimya ukamhukumu nalo.

Tuje kwa Spana. Mtu aliyelegeza breki wakati wa chakula haombi kukaa ndani ya gari hilo hilo baada ya chakula. Isome tena sentensi hiyo, polepole. Mimi nadhani alikuwa ameingia chini ya gari lako Jumamosi baada ya Jumamosi akitafuta ubovu, hakuuona, akaamua kwenda kuutafuta akiwa pamoja nawe, na shingo yake ikiwa pamoja na yako. Hiyo ni dhana yangu tu. Lakini yako ilimwacha amesimama mbele ya watu na helmeti mkononi.

Mumeo naye simwachi. Alikosea kukucheka, na anakosea kunong'ona. Mtu mzima anajificha nyuma ya bomba zima! Wanachonong'ona sikijui, inawezekana wanatafuta namna ya kukukataza, na kama ni hivyo mna la kuzungumza. Lakini mtungi wa kuzimia moto, Mama Vidonge! Anayeutaka moto huja na kiberiti. Mtu akija dukani kwako kumnunulia mgonjwa dawa, huwa unamshuku kwamba ndiye aliyemwambukiza?

Nimelibakiza moja, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuruhusu uruke foleni. Mpwa wangu anasema gari lililo kwenye kasi huenda dereva anakotazama. Ukiitazama kona, mikono inakata kona bila wewe kuiambia. Ukiutazama ukuta, mikono inakupeleka ukutani. Taratibu lazima alikufundisha hilo, ni somo la mwanzo kabisa. Na wewe umeandika kwa mkono wako kwamba mumeo humwachi kwa macho, kuanzia mbali mpaka mwisho. Umechelewa breki, una kasi, na unamtazama yeye. Mara ya mwisho ulisimama hatua chache kutoka kwenye uzio. Nyuma ya uzio alikuwepo nani? Unatafuta anayetaka kukuua, na tangu mumeo aanze kusimama pale, wewe ndiye unayemwelekezea gari.

Kaa chini kama unasoma hili umesimama.

Sasa fanya hivi. Leo hii wapigie simu watu wa Jumapili uwaambie kikao hakipo. Wakikuuliza sababu, waambie ulikosea hesabu, na hutakuwa umesema uongo. Ukilisema neno lile mbele ya mama mkwe, hata ukija kulifuta kesho yake, Spana atakuwa ameshakuwa muuaji wa familia, na wewe utamtafuta fundi mwingine na mume mwingine. Jumamosi, fundi wa nje akishasema breki ni nzima, nenda uwanjani bila kuendesha. Uombe uruhusiwe kuingia kwenye lami wakati haina magari, uchore mstari wa chaki kivuli kinapoanza saa tatu, na mwingine saa tisa, kisha utembee kutoka mstari mmoja hadi mwingine ukihesabu hatua. Hesabu mwenyewe, maana hesabu ya mtu mwingine hutaiamini. Ukimaliza mfuate Taratibu umweleze kila kitu, na mtakaporudi kwenye kipande kile, breki ni penye koni.

Halafu mtafute Spana. Usimpe hotuba, hatajua aiweke wapi. Mpe helmeti, mfungulie mlango, umwambie, "Karibu, shemeji, ulisikilize gari."

Mumeo mtoe kwenye uzio akakae jukwaani na mtungi wake. Ukiikaribia kona ya tatu, macho yawe kwenye kona. Na zamu ikiisha, panda kule jukwaani ukae karibu naye, umuulize swali lililoninyima usingizi: aliona gari linakuja upande wake, akaona na mara ya pili, kwa nini Jumamosi iliyofuata alirudi kusimama pale pale? Jibu lake usiniandikie. Ni lako.

Shangazi