Maneno Aliyomwachia Zainabu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefika mezani kwangu sokoni mvua ikiwa bado inanyesha. Magauni ya kina mama wa harusi hayajapata mikono wala zipu. Simu haiwaki. Jana jioni niliitia kwenye mfuko wa aproni, mvua ikanikuta kabla ya kufika kituoni, nikalowa mpaka ndani. Usiku iliwaka vizuri. Asubuhi nyeusi tii. Mgongoni ina joto kama mtoto mwenye homa.

Mariamu wa meza ya jirani kanipa mchele niifukie. Nimeifukia. Nimesema Bismillahi.

Baba Zainabu sijamwambia.

Jumanne, 7 Oktoba

Bado imo kwenye mchele. Sijashona cha maana.

Niandike tu hapa, maana hakuna wa kumwambia. Jioni ile ya kuamkia upasuaji, mwezi wa tatu, Baba Zainabu aliniomba simu yangu. Ya kwake haikuwa na chaji. Akaniambia nikasimame koridoni. Nikasimama. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, simu iko mdomoni, mkono mwingine umeshika koo. Aliporudisha simu akaniambia, "Hii ni amana. Maneno ya Zainabu, ya siku ya nikahi yake. Usisikilize, usimtumie mtu. Baba hatangazi dua ya binti yake kabla ya siku yenyewe."

Kesho yake madaktari wakatoa uvimbe na koo la sauti pamoja. Sasa anapumulia tundu la shingoni, namshonea vitambaa vya pamba vya kulifunika. Mtu aliyefundisha watoto Kurani miaka yote, sauti yake unaijua ukiwa bado uko barabarani. Ile mashine ya kubandika shingoni aliijaribu mara moja. Ikatoa sauti kama ya redio mbovu. Zainabu akatoka nje. Baba yake hakuishika tena.

Zainabu anajua kuna maneno yake. Anayasubiri. Nikahi ni Jumapili ya tarehe 26, siku moja baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa.

Sikusikiliza. Sikumtumia mtu. Yamo mle tu, kwenye simu hiyo moja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeitoa kwenye mchele. Haiwaki. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

Nimechukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Remera. Ghorofani kuna fundi wa simu anasifiwa, dada wa Bukavu, anaitwa Solange. Alipoona chembe za mchele kwenye tundu la chaji akacheka. Akaniambia, "Mama, muchele ni ya kupika, haiponyeshe simu." Akaifungua mbele yangu. Ndani mmeshaota kutu ya kijani. Akaniuliza ninataka nini kitoke. Nikasema, vitu vyangu vyote.

Hapo ilikuwa nafasi yangu ya kusema sauti. Nyuma yangu watu wamepanga mstari, vijana, mwanamume na mke wake. Nikaona nikilitaja tu neno hilo nitalia mbele yao. Nikasema vyote. Nikaondoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Amejua. Mimi si mtu wa kuficha, na yeye tangu anyamaze macho yake yameongezeka ukali. Alichukua kibao cha chaki akaandika: SIMU? Nikamweleza yote.

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Aliangalia mikono yake tu.

Nikamwuliza, ulimwambia nini mtoto? Niambie, ili yasipotee yote. Akaandika, "Bismillahi, mwanangu." Halafu chaki ikasimama. Nikangoja. Akaandika tena, "Nilikuwa naogopa sana. Sikumbuki." Akafuta haraka kwa kiganja, kama mtu aliyefumaniwa.

Nikamwomba aandike mengine, mapya. Alijaribu. Mistari miwili, akafuta. Mmoja, akafuta. Si mtu wa kuandika. Maneno yake yote yalikuwa yanapita kinywani.

Kwa hiyo hakuna anayejua alichosema. Si yeye, si mimi. Mungu peke yake na ile simu.

Jumatano, 15 Oktoba

Solange kapiga kwenye simu ya Mariamu. Imewaka! Nilikimbia na sindano bado iko kifuani.

Aliiunganisha na umeme wake wa pembeni, kioo kikaonyesha kidogo, akanipa nichore alama yangu ya kufungulia. Nikakosea, nikachora tena. Ikakubali. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Akaniambia niende, kunakili kunachukua muda, nirudi kesho.

Leo nimeshona mikono yote ya magauni. Nimeimba kaswida. Baba Zainabu kanitazama akainua nyusi. Nikamwambia, kesho.

Alhamisi, 16 Oktoba

Picha.

Solange alinipa flashi kwa furaha, akaiweka kwenye kompyuta yake nione. Picha zimetoka zote, hakuna hata moja iliyopotea. Kola. Mikono ya puto. Vitenge vya wateja. Zipu iliyoshonwa vibaya na mtu mwingine ambayo niliipiga picha nikumbuke kuifumua. Kila nguo ninayopewa naipiga picha, ndiyo kazi yangu inavyokwenda. Gauni juu ya gauni, wake za watu ambao hata majina nimesahau. Baba Zainabu yumo mara chache, na hata hapo yuko pembeni, ameshika kitambaa kinyooke.

Nikamwuliza, na sauti? Akasema picha zilipomalizika, yakaanza mengine, simu ikapata moto na kuzima.

Ndipo nikamwambia. Koo, koridoni, Zainabu, Jumapili. Alilaza kile chuma chake cha kuchomelea mezani. Halafu akasema, "Mama, ungenisemea tu. Kila mama anayekuja huku analilia picha. Ndiyo maana nilianza na picha."

Ni kweli. Hakukosea. Angejuaje.

Atampelekea simu mwenzake mwenye hadubini.

Jumapili, 19 Oktoba

Jamaa wa Idrisa, mchumba wa Zainabu, wamekuja kukamilisha mipango. Mkwe mtarajiwa ana adabu, anamwamkia Baba Zainabu na kungoja jibu kama vile litakuja. Nimempenda kwa hilo.

Zainabu aliponisindikiza jikoni kanibana. Mama, maneno ya Baba tutayasikiliza kabla ya nikahi au baada? Nikasema, chukua chai upeleke.

Jumatatu, 20 Oktoba

Solange hakutaka kuniambia kwenye simu. Nilijua kabla sijamaliza ngazi. Alitoka nje ya kibanda chake akanishika mkono.

"Mama, siwezi kukudanganya. Iko imekufa."

Akaeleza. Ile sehemu inayotunza vitu na ile inayovifungua zimefungamana, moja ikiungua nyingine haisomeki hata ukiihamishia simu nyingine. Mwenzake amejaribu mara nyingi. Sikuelewa yote. Nilielewa imekufa.

Alinirudishia kwenye mfuko wa nailoni. Akasema ihangane, mama. Neno la msibani. Nikashukuru kwamba kuna mtu mmoja ameelewa kuwa huu ni msiba.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemkasirikia Mungu. Naandika hivyo hivyo. Koo alichukua, nikasema alhamdulillahi, mume amebaki. Sasa na hicho kidogo?

Halafu ikaadhiniwa adhuhuri, nikaswali. Sikujua pa kwenda kwingine.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwambia Zainabu. Alikuwa amesimama juu ya kigoda nikimpima pindo la gauni, pini ziko mdomoni mwangu. Nilizitoa moja moja.

Akauliza, "Alisema nini?"

"Sijui."

"Hukusikiliza hata kidogo? Hata mwanzo?"

"Alinikataza."

Akashuka kwenye kigoda. Akasema, "Mama, kwa nini ulikuwa mwaminifu hivyo?"

Miezi yote simu imelala karibu na kichwa changu. Ningeweka sikioni usiku mmoja tu. Ningekuwa nimevunja amana, na maneno yangekuwa yako kichwani mwangu, leo ningempa mtoto. Nimelishika neno la mume wangu, mtoto kakosa. Nani anifundishe hapo lipi lilikuwa sahihi.

Alilia kwa uchungu, gauni likiwa nusu lina pini. Nami nililia. Kisha nikamaliza pindo, maana ni lazima limalizike.

Jumamosi, 25 Oktoba

Baada ya umuganda shemeji Sudi amekuja na matope miguuni. Ndiye aliyepangwa kuozesha badala ya kaka yake. Akanitania kwamba anakunywa asali tangu juzi, na bado sauti yake ni ile ile ya kufukuzia mbuzi. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.

Baba Zainabu akachukua kibao. Akaandika, BINTI NI WANGU. Akamsukumia mdogo wake.

Sudi kaniangalia. Wakaondoka wote wawili kwenda kwa shehe. Wamerudi magharibi. Sudi anasema shehe hakusita. Asiyeweza kusema, ishara yake ikieleweka, inatosha. Baba ataozesha mwenyewe.

Usoni mwa Baba Zainabu sikuweza kusoma kitu. Alipiga pasi kanzu yake mwenyewe.

Jumapili, 26 Oktoba

Imekwisha. Miguu imevimba.

Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa pazia, hatuoni kitu, tunasikia tu. Nilikaa karibu na Zainabu. Khutuba ikaisha. Shehe akasema Baba Zainabu ameshika mkono wa Idrisa, watu washuhudie. Halafu akaanza kutaja yale maneno ya baba, kipande kwa kipande, ili Baba Zainabu ayafuate.

Nimekuozesha.

Kimya.

Binti yangu Zainabu.

Kimya.

Watu wamejaa, watoto wamejaa, hakuna aliyekohoa. Mahali pale ndipo sauti yake ilipotakiwa kuwa. Nilisikia tundu lake linavyovuta hewa, au nilidhani nasikia. Zainabu alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, hina yake haijakauka vizuri, imenipaka.

Idrisa akasema, "Nimekubali nikahi yake." Sauti ikamkatika katikati. Kina mama wakapiga vigelegele.

Sudi ananiambia Baba Zainabu alitikisa mkono wa mkwe kwa kila neno, na hakuuachia hata baada ya kumaliza. Mpaka shehe akamgusa bega.

Nikahi imetimia. Dua ya baba haikusomwa. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 29 Oktoba

Viti vya kukodi vimerudi. Nyumba ina mwangwi.

Nina simu ndogo ya batani sasa, inatosha. Zainabu amepiga jioni kutoka kwa mumewe. Aliniomba nimwekee baba yake sikioni. Nikaweka. Akazungumza kwa muda, sikusikia anasema nini, nilisikia sauti tu, nyembamba, ikipanda na kushuka. Baba Zainabu alifumba macho. Midomo ilikuwa inatembea.

Simu iliporudi kwangu, Zainabu akauliza, "Amesema nini, Mama?"

Nikamwangalia. Bado midomo inakwenda. Sikuweza kuisoma.

Nikamwambia, "Anakuombea."

Akasema, amina.

Tumekula viazi na mboga za dodo. Mvua imeanza tena, ndogo ndogo.