Kuhusu Shemeji na Mabasi ya Shule

Nyumbani,
Mtaa wa Viwandani,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa kaka yangu,

Kabla ya lolote, kifua cha wifi kimepoa? Mama aliniambia umempeleka hospitali, akaniachia wasiwasi, kisha akakata simu kama kawaida yake. Na watoto, bado wanakucheka ukiongea lugha ya huko? Sisi ni wazima. Mama analalamika kwamba miwani mpya inamtia kizunguzungu, lakini gazeti halimpiti, anasoma hadi matangazo ya viwanja.

Najua kitinda mimba wetu amekupigia simu. Najua pia alichokuambia: kwamba nimemfukuzisha mumewe kazi. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia, kwa hiyo naandika. Soma mpaka mwisho, halafu uninunie ukitaka.

Tangu shule zile mbili za kando ya barabara kuu ziunganishwe, watoto wa upande wa kiwanda cha saruji wanatembea ukingoni mwa lami, malori yanawapita hadi mashati yanapepea. Mwaka jana msichana wa darasa la tatu aligongwa. Alipona, ila anachechemea. Ndipo wilaya ikakubali kununua mabasi ya shule, nami nikaingizwa kwenye kamati ya kuyachagua, kwa kuwa usafiri ndiyo kazi yangu pale ofisi ya elimu.

Mwishoni zilibaki kampuni mbili. Moja mabasi yake ni mazuri, lakini yangefika katikati ya muhula. Nyingine ilikuwa nayo tayari yadini, yanang'aa. Muuzaji wa hiyo ya pili ni shemeji. Siku ile ile nilimweleza mwenyekiti wa kamati kwamba huyu ni mume wa mdogo wangu. Akasema nisipige kura, ila nisaidie kuyakagua. Kwa hiyo usije ukaambiwa nilificha.

Siku ya majaribio, ingawa ilikuwa likizo, mwalimu mkuu alituletea darasa zima, tuone watoto wanavyokaa na mikanda inavyowafika. Shemeji alivaa suti, akawa anawatania watoto mpaka wakamzoea. Basi lilizunguka mtaani vizuri, breki zikashika, mwenyekiti akaanza kutabasamu. Tuliporudi yadini, nilimwomba dereva asifungue mlango wa mbele. Nikawaambia watoto tutatokea mlango wa dharura, ule wa nyuma, kama mchezo.

Nikainua komeo. Mlango haukutikisika. Nikausukuma kwa bega, wapi. Waliokuwa karibu wakaanza kunibana, na wa mbele, ambao hawaoni kinachoendelea, wakawa wanasukuma tu. Jua lilikuwa kali na madirisha yale hufunguka nusu. Kicheko kikageuka kelele, kelele zikageuka kilio. Kupitia kioo nilimwona shemeji, aliyekuwa amebaki yadini tulipokwenda kuzunguka, ameshika komeo la nje kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye bampa, anavuta huku jasho linamchuruzika. Hakuuweza. Dereva akafungua mlango wa mbele tukashuka, hakuna aliyeumia. Lakini nilishuka na mtoto mmoja ameng'ang'ania sketi yangu, hataki kuiachia.

"Ni huo mmoja tu," shemeji akamwambia mwenyekiti. "Kesho utakuwa umerekebishwa."

Mwenyekiti alitaka kukubali, na simlaumu. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kuahirisha maana yake watoto warudi ukingoni mwa lami. Hata mimi yule msichana alinijia kichwani. Niliomba jambo moja tu: tujaribu milango ya mabasi yote kabla ya kura. Tukakubaliana kesho yake.

Jioni shemeji akaja nyumbani. Nilimwekea chai, hakuketi.

"Shemeji, ukinyamaza hujadanganya mtu," akasema. "Hata kura huna. Omba ruhusa kesho, useme unaumwa."

"Na ile milango mingine inafunguka?"

Akasema hiyo nisiiulize. Nikamuuliza tena. Akasema mafundi wa kiwandani waliahidi kuilegeza. Hapo nikaelewa kwamba alijua tangu mwanzo.

"Utasema wewe au nitasema mimi," nikamwambia. Akaondoka bila kuaga.

Kaka, usingizi ulinipaa. Nilimwaza mdogo wetu na ile nyumba waliyohamia juzijuzi, na mtoto wao ambaye hata hajaanza kutembea. Nilitamani kweli niamke naumwa.

Asubuhi mwenyekiti alifungua kikao, akaniita nieleze. Shemeji akasimama kabla yangu. "Msijisumbue kuijaribu hiyo milango," akasema. "Fremu zilikatwa vibaya. Mingi haifunguki, na niliambiwa nisiseme." Bosi wake, aliyekuwa kando yake, alikusanya karatasi zake akatoka, na kabla hatujamaliza kikao shemeji alikuwa ameshapata ujumbe kwenye simu kwamba hana kazi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kusema mkono wangu haumo. Lakini mdogo wetu anaamini nilimwaibisha mumewe mbele za watu, kwa sababu shemeji mwenyewe ameona haya kumweleza kwamba alijua. Nimeona si langu kumsemea, ndiyo maana nimekubali kununiwa. Wewe nakuambia kwa kuwa najua utanyamaza.

Wilaya imechukua ile kampuni nyingine. Mpaka mabasi yafike, walimu na wazazi wanawasindikiza watoto kwa zamu, nami nimo. Kila lori likipita nawavuta watoto majanini, na wazazi wengine hawafichi kwamba lawama ya kuchelewa huku wananitupia mimi.

Mwandiko umebadilika kwa sababu simu imenikatiza hapa. Ni shemeji. Amesikia kwamba mabasi yale yale yanapelekwa kuuzwa wilaya ya jirani, na kesho kamati ya huko inayakagua. Anataka kwenda kuwaambia, ila anahofia watamwona mtu aliyefukuzwa anayelipiza kisasi. Nimemwambia tutakwenda wote.

Kisha akasema, "Subiri," nikasikia simu anapewa mtu mwingine. Alikuwa mdogo wetu. Hakunisalimu. Alisema mumewe amemweleza kila kitu. Halafu akauliza tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia alfajiri.

"Basi nitawafungia chakula cha njiani," akasema. "Bado unakula bila pilipili?"

Nikamwambia bado.

Mama anakusalimu, anasema umpelekee wifi neno lake la pole na umkanye asioge maji ya baridi. Wabusu watoto. Mungu awafunike nyote huko ugenini, na kesho atupe sisi ulimi wa kueleweka.

Ni mimi dada yako akupendaye.