Matawi ya Helikopta

Afande wangu,

Shikamoo. Tangu tukuzike kule Vuga hakuna anayeniitikia hapa Soni kwa ile marahaba yako ndefu.

Nimechoka, Afande. Nakwambia wewe kwa sababu hutanipeleka kwa mkuu. Kona zetu za barabarani nimeachiwa peke yangu, trafiki mmoja, ukungu unaingia mpaka kwenye soksi, na madereva wa malori ya kabichi wananiita "dada". Nimeandika barua ya kuomba uhamisho. Iko mfukoni, wiki ya pili sasa. Ungekuwepo ungeshaninyang'anya.

Unaikumbuka siku ya helikopta? Wanajeshi wale walizidiwa na ukungu wakatua kando ya soko, mkia ukaziba nusu ya barabara. Watu wote wakakimbilia kupiga picha. Wewe ukaweka kofia sawa ukaenda, mimi nyuma yako. Rubani, kapteni kijana, akakunyooshea mkono. Ukautazama tu, mpaka alipokumbuka adabu akakuamkia. "Marahaba, mwanangu," ukasema. "Umesimama barabarani. Matawi yako wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kapteni na mwenzake wakacheka wakidhani unatania. Ukawaambia hujui huko angani wanafanyaje, ila hapa chini chombo kikikwama hukatwa matawi yakalazwa barabarani, hatua thelathini mbele na thelathini nyuma, maana kwenye ukungu dereva haoni nyota za begani. Mama muuza mapeasi akawaazima panga. Marubani wa jeshi, na maovaroli yao, wakakata mikaratusi! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na soko zima lilicheka.

Halafu lori moja likatokea kwenye ukungu, likitoka Mombo, likaona matawi, likafunga breki. Lilisimama hatua chache tu kutoka kwenye mkia. Hakuna aliyecheka tena, nawe ukaenda zako kunywa chai.

Sasa nikuambie la juzi, nalo linanitia aibu. Lori liliharibika kona ya chini, ukungu mzito, dereva hakuweka hata jani. Nililiona. Nikajisemea nimalize kwanza chai yangu. Nilichoka, Afande, basi tu, nilichoka.

Mara gari dogo likasimama mbele yangu. Akashuka mwanamume kavaa kiraia, anahema, kaponea chupuchupu kuligonga lile lori. Mkewe na mtoto walikuwa ndani ya gari. Aliponitazama vizuri akauliza, "Mzee wa matawi yuko wapi?" Ni yule kapteni. Nikamwambia umefariki. Akavua kofia, kisha akaniuliza kama nina panga. Sikuwa nalo. Akaenda mwenyewe kuazima kwa mama wa mapeasi.

Alikata matawi, akashuka kwenye kona akihesabu hatua kwa sauti. Nikaiacha chai, nikambebea mengine, machozi yananitiririka na sikujali nani ananiona. Tulipomaliza akanipigia saluti, mimi konstebo. Najua ilikuwa yako.

Barua bado iko mfukoni. Sikudanganyi, sijaichana, na uchovu haujaisha. Lakini nimenunua panga, liko chini ya benchi letu. Siku nitakayoondoka nitamkabidhi atakayekuja, nimhesabie zile hatua thelathini kwa miguu yangu. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Afande. Kuna lori limesimama kona ya chini, na chai yangu ndiyo kwanza imemiminwa. Naiacha hapa.