Siagi Kwenye Miguu ya Madoa

Jumamosi, alasiri. Baridi ya Julai. Ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka.

Vidole vyangu vinanuka petroli, majivu na siagi. Nimenawa mara mbili na bado vinanuka.

Nimehamisha kigoda changu nje ya jiko ili niandike huku nikisikiliza barabara. Baba ameondoka saa sita kwenda Endamarariek kwa pikipiki mpya. Alisema atarudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Ng'ombe bado wako malishoni, kwa hiyo sina sababu ya kuogopa.

Naogopa.

Baba ni bwana mifugo. Tangu nipate akili nimemwona akiwafuata ng'ombe wa watu kwa baiskeli, Kansay, Endamarariek, na akiitwa na wafugaji wa Ngorongoro hudandia lori. Jumatano alirudi kutoka Arusha juu ya magunia ya mbolea, ameikumbatia pikipiki kama mtu anayemleta mgonjwa hospitali. Ni nyekundu. Kiti chake kilikuwa bado ndani ya nailoni.

Ili ije, maksai wetu wawili wa plau waliuzwa. Mmoja wao ni Madoa, ambaye Bibi alimlea tangu ndama kwa maziwa ya kibuyu. Bibi ni mama yake Baba, na zizi ni lake hata kama hasemi. Hakulia. Aliizunguka pikipiki mara moja, akaligonga tangi kwa kidole, akasema, "Basi huyu ndiye Madoa." Tangu hapo hajaiita jina jingine. Jana Baba alipokuwa anatia petroli, Bibi aliuliza kutoka mlangoni, "Madoa amekunywa?"

"Amekunywa, Mama," Baba akajibu, na wala hakucheka.

Mimi nilipewa kijitabu. Kimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza cha Baba kinaishia kwenye majina ya dawa za kupe. Mimi niko kidato cha tatu, tumefunga shule, na hapa nyumbani wanaamini kwamba msichana anayesoma hata karatasi iliyofungiwa sukari hawezi kushindwa na kitu. Nimekaa na kamusi siku mbili, nikaandika kila kitu kwa Kiswahili kwenye daftari la mistari: hewa ya matairi, kukaza spoku, cheni ilegee kiasi gani, oili kiasi gani ichanganywe na petroli.

Palikuwa na maneno mawili yaliyonitesa, "running in". Kamusi ilinipa neno mojamoja, nami nikayaunga: "Kukimbia ndani, kilomita elfu moja za mwanzo."

Baba aliyasoma mara mbili. "Kukimbia ndani ya nini, mwanangu? Ya zizi?"

Leo asubuhi fundi Tluway, anayetengeneza baiskeli na mashine za kusaga hapa Karatu, alikuja kuiandaa kwa safari. Baba akamwonyesha yale maneno. Fundi alicheka hadi akaweka spana chini, akanigeukia. "Hiyo ni kulainisha, mwalimu! Injini mpya ni kama maksai siku ya kwanza ya nira. Usimkimbize, usimbebeshe, mpumzishe njiani. Akishaizoea kazi ndipo umdai mwendo."

Niliona haya, masikio yakawaka moto. Lakini nilifuta, nikaandika "kulainisha", na nikaipenda kazi yangu zaidi kuliko mwanzo.

Tulifanya kazi asubuhi nzima. Mimi nasoma, fundi anakaza. "Sauti, mwalimu," alikuwa akisema kila mara, "hata plagi haijakusikia." Tulipima oili kwa chupa ya soda. Tulifunga keria nyuma kwa ajili ya sanduku la chanjo. Baba alipiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikawaka, kuku wote wakakimbilia migombani. Moshi wake ni wa buluu na una harufu nzuri. Sijui kwa nini niseme nzuri, lakini ni nzuri.

Fundi akaondoka. Baba akaingia ndani kunyoa ndevu. Mama alikuwa mashineni kusagisha mahindi.

Ndipo Bibi akatoka na kibuyu cha siagi.

Kwetu mtu akienda safari ya kwanza ya mbali, Bibi humpaka siagi miguuni. Mimi mwenyewe alinipaka siku niliyokwenda kuanza sekondari, nikapanda lori miguu ikiteleza ndani ya viatu vipya. "Mtu hatoki kwake na miguu mikavu," husema. "Njia humkwaruza." Aliinama leo, mgongo ukilia, akaanza na gurudumu la mbele. Alipaka taratibu, kote kote, akisukuma pikipiki kidogo ili apate upande uliokuwa chini. Akahamia la nyuma. Alikuwa ananong'ona maneno ya baraka kwa Kiiraqw, yale yale aliyoninong'onea mimi. Baba akatoka na shavu moja tu limenyolewa, akaona, akavua kofia na kusimama wima mpaka mama yake alipomaliza.

Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Ukurasa wa nne, nimeandika kwa wino mwekundu na kupiga mstari: "Mafuta yasiguse matairi. Tairi jipya lenyewe huteleza."

Nikanyamaza.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuandika popote. Masika ya mwaka jana nilikuwa nafuta tope kwenye baiskeli ya Baba, nikaona raba ya breki ya mbele imekwisha, kimebaki chuma kitupu. Baba alikuwa barazani na wageni wawili wa kutoka ofisini. Nilisimama mlangoni. Nilisubiri wanyamaze. Hawakunyamaza, na mimi si mtu wa kuingilia maneno ya wakubwa, nikarudi jikoni. Mchana ule Baba alianguka kwenye mteremko wa korongo. Kifundo chake cha mkono wa kushoto hakijakunjika sawasawa tangu siku ile. Nikimwona akifunga vifungo vya shati, mimi hutazama pembeni.

Leo mteremko ni ule ule. Ukungu umeulowesha udongo mwekundu, na juu yake tairi jipya, na juu ya tairi siagi ya Bibi.

Baba akarudi ndani kumaliza ndevu. Bibi akaenda kurudisha kibuyu. Mimi nikabaki na pikipiki. Kusema nilishindwa. Basi nikafikiri mikono yangu iseme. Sabuni hakuna; duka la kijiji limegawa kipande kimoja kwa kila kaya, na cha kwetu Mama anajua alipokificha. Nikachota majivu ya jikoni, nikachukua gunzi la mahindi, nikapiga magoti nikaanza kusugua tairi la mbele. Nilikuwa nafuta baraka ya Bibi yangu kwa majivu. Nilijiona mwizi.

"Unamsugua nani miguu?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ningeweza kusema nafuta tope. Hapakuwa na tope. Nikafungua daftari, nikasoma ule mstari mwekundu. Sauti haikutoka vizuri.

"Soma tena. Mimi si ng'ombe wa kusomewa puani."

Nikasoma tena, kwa nguvu, karibu nipige kelele. Nikaongeza ambayo hayamo kwenye daftari, "Bibi, ataanguka. Ataanguka kama alivyoanguka na baiskeli, na safari hii kosa litakuwa letu, Bibi na mimi."

Bibi aliinama. Aliligusa tairi, akasugua kidole na kidole akiupima ule utelezi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kweli uzee umenipanda. Nimempaka kama mtu, na huyu ni Madoa. Nani humpaka ng'ombe siagi kwatoni? Si atavunjika mguu mlangoni!"

Akaketi chini, palepale kwenye majivu, akachukua gunzi la pili. Yeye la nyuma, mimi la mbele. Tukasugua, tukamwagia maji, tukasugua tena, mpaka kidole kikipita kinakwama.

"Ng'ombe hupakwa kwenye pembe," akasema, akinyoosha mkono kwenye usukani.

"Hapo Baba anashika, Bibi!"

"Mm! Na huyu naye! Kila mahali hataki." Tukakubaliana kwenye paji la uso, yaani chuma kilicho juu ya taa. Akapaka kidogo tu.

Baba alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Bibi akamwambia avue viatu, na mtu mzima yule, mwenye ofisi na mhuri, akaketi kwenye ngazi akavua viatu na soksi, akapakwa siagi miguuni kama mimi siku ile. Alipokuwa akivaa tena, mkono wa kushoto ulishindwa kukaza kamba. Nikapiga magoti nikamfungia. Na nilipokuwa nimeinama hivyo, macho yangu kwenye viatu, nikasema.

Nilisema yote. Raba, wageni, mlango.

Baba aliningoja nimalize kiatu cha pili.

"Vero," akasema, "ile raba niliiona. Asubuhi ile ile, kabla yako. Nikajiambia, nitabadilisha kesho."

Kisha akaniwekea mkono kichwani, ule wa kushoto, usiokunjika.

"Umebeba mzigo wangu mwaka mzima, na wewe huna hata keria."

Bibi akasema tumwache mtu aende, ng'ombe wa Endamarariek hawatajichanja. Baba akapiga kiki, mara moja tu ikawaka. Aliondoka polepole sana, kama kijitabu kilivyoagiza. Bibi akamfuata mpaka barabarani akimwambia Madoa asiogope.

Sasa ng'ombe wanarudi. Nasikia njuga ya yule wa mbele. Baba bado.

Ninajua matairi ni makavu. Ninajua mwendo ni mdogo, ndiyo maana anachelewa; mimi mwenyewe nilitafsiri. Najiuliza kama ningeogopa hivi iwapo ningekuwa nimenyamaza, na nadhani ningeogopa zaidi, maana ningeogopa peke yangu. Bibi ameketi karibu yangu anachambua maharage katika gizagiza hili la ukungu. Hajaniuliza naandika nini.

Mwaka mzima nilidhani kunyamaza ni adabu. Labda ni hivyo mara nyingi. Lakini ipo siku adabu ni kupiga kelele karibu na sikio la Bibi.

Baba aliahirisha hadi kesho, nami nikaahirisha hadi wageni waondoke. Sitaki tena kuiachia kesho neno la leo. Shuleni tukifungua, nitakaa dawati la mbele, nisikike. Neno hili nimeliandika, haliwezi kufutika hata kwa majivu.

Bibi ameinua kichwa. Mimi sisikii kitu, ila njuga na kuku.

"Huyo," amesema, na kurudi kwenye maharage yake.

"Nani, Bibi?"

"Madoa. Anapanda korongo."

Nimebana pumzi. Bado sisikii. Bado.

Sasa nasikia.