Kopo la Asubuhi

Kabambare, Ijumaa

Kwa mama yangu mpendwa, Bi Mwamini, Nyangwe.

Salamu zangu zikukute una nguvu, na ile miguu yako isiwe imevimba tena. Barua uliyomwandikisha Ramazani imefika. Mwandiko wake ni kama kuku amepita, lakini niliisoma yote palepale kwenye ngazi za dispansari.

Ramazani, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Simama hapa kwanza. Mwite mama mkubwa aje akae karibu na mama, ndipo uendelee.

Mama, mwanao Zaina ametutoka. Alifariki jana jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tumemzika leo baada ya sala, mimi na mume wake Assani na watu wa msikiti. Najua ungetaka kumwosha mwenyewe. Wanawake wa hapa walimwosha kwa upole, mama, nakuapia.

Nataka ulisikie jambo hili kwangu kabla ya maneno ya sokoni. Unakumbuka nilikwambia kwamba daktari mzungu ametumwa kutufundisha sisi wauguzi kazi ya kifua kikuu. Alituletea mashine ya kuonea vidudu visivyoonekana kwa macho, tukaanza kuzunguka vijijini. Kila anayekohoa tunampa kopo lenye jina lake, analala nalo, na akiamka anatema humo makohozi ya asubuhi. Mwenye vidudu anapanda lori kwenda hospitali ya Kasongo, akachomwe sindano kwa miezi.

Kijijini kwao Wamaza nilimpa Assani kopo, maana unajua anavyokohoa. Asubuhi Zaina ndiye aliyelileta, anacheka. "Kaka, kopo ya bwana yangu hii. Usiimwange!" Tukakuta vidudu. Assani akapanda lori akilia kama anayepelekwa gerezani. Zaina akabaki na mpunga, na shamba la pamba ya serikali, na mtoto mgongoni.

Kila nilipopita na baiskeli nilimkuta amekonda zaidi. Nikamwambia aje nimpime. "We kaka, unaona kifua kila mahali! Iko hamu ya bwana tu." Mbele yangu hakukohoa hata mara moja. Alikibana kikohozi, mama, sasa ndiyo naelewa.

Kisha Assani akarudi kabla hatujamtazamia. "Docta alinipima, akanipima tena," akasema. "Hakuna kitu. Iko pumu tu."

Nikauliza, "Sasa ile mate ilikuwa ya nani?"

Zaina alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Ilikuwa yangu, kaka. Niliogopa watamupeleka Kasongo asirudi. Nilizani mimi niko muzima."

Alitema yeye ili mume asichukuliwe, na makohozi yake ndiyo yaliyofanya achukuliwe. Mtu mzima tulimpandisha lori, mgonjwa tukamwacha nyumbani na jembe.

Tulimbeba kwa machela mpaka hapa. Sindano zilianza siku ileile, na kwa muda akapata nafuu, akatamani sombe lako, lile la majani ya muhogo na mawese mengi. Nikamwambia atalila kwako. Halafu akaanza kutapika damu. Nina hasira naye, mama. Nina hasira na marehemu, Mungu anisamehe, na moyo wangu umevunjika hata kazi siioni. Daktari ananiambia nipumzike. Nipumzike wapi?

Assani amekaa uani, hali chakula. Anarudia neno moja tu: "Angeniacha niteme mwenyewe." Usimlaumu akija. Atakuletea mtoto, yule wajina wako. Nimempima, ni mzima.

Nisalimie mama mkubwa aliyekushika mkono sasa hivi, na mjomba mvuvi, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha Zaina kusoma. Mwambie amsomee dua.

Nina ombi moja, mama. Zaina alipojifungua alikaa kwako mpaka mtoto akatambaa, mkilala kitanda kimoja. Na katika barua yako umesema kikohozi hakikuachi tangu mvua zianze. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, nikasema ni moshi wa jikoni. Leo sicheki. Assani atakuja na kopo, nimeandika jina lako juu yake. Ramazani atalipeleka Kasongo. Namjua kijana huyo, hatataka wakuchukue, na wewe utaona huruma kumwacha peke yake.

Asubuhi, kabla hujanywa chochote, mwambie atoke chumbani. Tema mwenyewe, mama. Usikubali mtu anayekupenda ateme badala yako.

Mwanao,
Saidi