Sori ya Mama

Mogogosiek,
15 Septemba 1997

Kwa dada yangu mpendwa Chepkemboi,

Chamgei? Natumaini barua hii itakukuta huko Sigowet ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi tu wazima. Mvua ni nyingi, majani ya chai yanatushinda kuchuma, na ng'ombe wa Mama, yule mpiga teke, amezaa ndama.

Habari kubwa ni kwamba ndugu yetu Kiplimo na mkewe Beverly wamepata msichana. Alhamisi akina mama walikuja kumwita jina, kumtajia marehemu wetu mmoja mmoja mpaka apige chafya. Unamjua jirani yetu Nyanya Rodah, hana subira. Alipotaja marehemu saba bila mtoto kupiga chafya, alimuuliza mtoto kama anangoja jina la Kizungu. Lilipotajwa la Mama tu, mtoto alipiga chafya kubwa. Nyumba nzima ikasema sori, halafu tukacheka mpaka machozi.

Maana hilo ndilo neno pekee la Kiingereza alilokuwa nalo Mama, tangu alipofanya kazi jikoni kwa meneja wa shamba la chai. Mtu akijikwaa, sori. Mgeni akikuta chai haina maziwa, sori. Hata kuku, kabla ya kisu. Wiki ile ya mwisho muuguzi alipomdunga sindano, Mama ndiye aliyemwambia sori, kwa kuwa alimwona amechoka.

Dada, tangu mazishi hujamsalimia Beverly, kwa sababu ya sotet ya Mama, kile kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichoharibiwa kwa sabuni. Ulisema mbele ya watu kwamba mtu wa ziwani kama yeye atajuaje kuwa kibuyu husafishwa kwa makaa ya mti wa senetwet, na kwamba hutakanyaga kwake mpaka aombe msamaha. Alinyamaza, ukasema ni kiburi.

Ni mimi niliyekiosha. Wageni wa kanisa walikuwa njiani kuja kumwona Mama, nikauonea aibu ule weusi wa ndani, nikatia sabuni ya unga. Mimi, niliyelelewa na kibuyu hicho! Mama aliyanywa maziwa yale yaliyonuka sabuni, akanishika mkono, akasema sori, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Alijua. Beverly naye aliniona mtoni nikikisugua, na kwa miezi sita hakunitaja.

Jana nilimwomba msamaha. Alicheka, akasema alikuwa akijiuliza kama ningesema kabla mtoto hajaolewa. Na wewe nakuomba: sori, dada.

Jumapili mtoto atapelekwa kanisani. Beverly amekitia makaa kibuyu kipya kwa mikono yake, na maziwa yamo. Anasema hakifunguliwi mpaka shangazi mkubwa afike. Ukija na hasira zako pia ni sawa, mradi mimi nisionekane karibu na kibuyu nikiwa na sabuni.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na goti pia.

Mdogo wako,
Chepchirchir