Uso Wako Kwenye Kalvati

Shangazi,

Nilijizuia kukuandikia mpaka niwe na hoja. Wewe uliyefundisha darasa la saba hadi ukastaafu hukuwahi kupokea insha yenye machozi matupu. Sasa hoja ninayo. Machozi nayo yamekuja bila kualikwa, yavumilie.

Nianze na habari ambayo hakuna aliyethubutu kuisema mbele ya kaburi lako. Msiba wako ulikichafua kijito. Ndiyo, kile kile cha nyuma ya nyumba yako hapa mtaani kwetu Soweto, ulichokiinamia kila Jumamosi kwa reki na mabuti ya mpira. Waombolezaji walijaa, kama ulivyostahili, na kamati ya msiba, kwa nia ya kukuheshimu, iliagiza maji ya chupa, kila chupa imebandikwa picha yako. Ile ya siku ya kustaafu, Shangazi, unatabasamu na shada shingoni. Watu walikunywa, wakaweka chupa chini ya viti. Tuliporudi kutoka makaburini tulikuta vijana wa mtaa wamefagia uwanja ukang'aa, tukawashukuru. Hatukuuliza taka zimekwenda wapi. Kizimba cha taka kilikuwa kimefurika, na gari la taka, unalijua, huja linapojisikia.

Mvua ilipopiga, tukapata jibu. Kalvati, lile bomba la chini ya barabara, liliziba, maji yakapanda hadi kwa Mama Atu, jirani yako, yakalowanisha magodoro na gunia lake la mchele wa Ubaruku. Niliingia mtaroni kuzibua. Kila nilichokitoa kilikuwa wewe. Wewe mwenye tope machoni. Wewe uliyechanika nusu. Nilizikusanya kwenye gunia lako, nikashindwa kuzitupa.

Nilikumbuka mabishano yetu ya likizo, nilipokuwa narudi kutoka chuoni Iringa na vitabu vyangu. Nilikwambia kwamba kuokota chupa moja moja ni kuwasitiri wanaostahili kuulizwa: anayeitengeneza, anayeiuza, na halmashauri isiyoleta gari. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukiwa umeinama, kisha ukasema, "Festo, ukimaliza hotuba nishikie gunia." Nikakwambia hilo si jibu. Ukasema, "Gunia, baba." Bado naamini hoja yangu ilikuwa sahihi, na sitaiondoa kwa sababu tu umekufa. Wala usingependa niiondoe.

Sasa, juzi tulikujengea kaburi. Kabla ya ibada ya shukrani kamati ilikutana sebuleni kwako, na Baba Mkubwa, kaka yako, aliyefika kutoka Kalenga, Iringa, akafungua kwa kuagiza chupa zile zile, picha ile ile. Nikasimama kupinga. Nikasema kila mtu aje na kikombe chake, maji tuchemshe wenyewe.

"Nipande basi toka Iringa na kikombe mfukoni kama mfungwa?" akauliza. Sebule nzima ikacheka. "Watu watasema tumemuaga mwalimu kimaskini. Digrii ndiyo imekufundisha kuwanyima wageni maji?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine makali. Badala yake nikaleta lile gunia, nikazimwaga chupa za kalvatini mkekani, mbele ya miguu yake. Dada yake akamtazama kutoka kwenye kila chupa.

Aliyesema ni Mama Atu. "Kaka, miaka yote dada yako aliingia kwangu kwa kubisha hodi. Siku ile aliingia akielea."

Baba Mkubwa alivua kofia. Aliokota chupa moja, akaifuta uso kwa mkono wa koti, akaifuta tena. "Basi," akasema. "Vikombe."

Ungeona, Shangazi! Vyombo vyako vya misiba vimetoka kabatini, vile ulivyovipaka nukta ya rangi ya buluu kwenye kitako ili vikiazimwa virudi. Kila mama alikuja na vyake: huyu ana alama ya rangi ya kucha, yule amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe. Nilidhani desturi hiyo imekufa. Kumbe ilikuwa inasubiri kuitwa. Baba Mkubwa alirudi Kalenga na siku ya ibada akafika na kikombe cha bati ndani ya koti, akakiinua mlangoni, "Mfungwa nimefika!" Watu wakacheka, naye akalia. Jioni wamama walivipindua vikombe kimoja kimoja, kila mtu akachukua chake, wakibishana kidogo kuhusu nyuzi mbili nyekundu zilizofanana. Mvua ikanyesha usiku huo. Mama Atu akalala pakavu.

Sitakudanganya kwamba kijito kimepona. Mitaa ya juu bado inatuletea nepi na mifuko, na gari bado linasubiriwa. Kwenye mkutano wa mtaa nilizungumza mpaka mwenyekiti akaniomba niketi. Nilikataa kuketi. Ahadi yangu ni hii: vyombo vyako vitakwenda kwenye kila msiba wa mtaa huu utakaovikubali, na pale wasipovikubali nitakwenda mwenyewe kubishana, kwa adabu, kama unavyopenda. Gari nitalidai hadi lije kwa siku inayojulikana.

Mambo mengine ninayotaka kukwambia hayana hoja. Nyumba ni kimya. Nasoma habari kwenye gazeti, nageuka kukupinga kabla hujasema, na kiti ni kitupu.

Pumzika, Mwalimu. Leo ni Jumamosi. Mabuti yako yananibana, lakini nimeyavaa. Hotuba yangu imeisha, Shangazi. Gunia nimelishika.

Mtoto wa kaka yako,
Festo